Buluu imegeuka zambarau, herufi zina kivuli: faili langu lina kosa gani?

Swali: “Mtaalamu, naomba msaada. Ninatayarisha jarida la kikundi chetu, ukubwa wa A5, kurasa 34, la kupigwa pini katikati. Maandishi niliyapokea kwa Word, nikayapanga katika InDesign, programu ya kupangia kurasa. Faili la kwanza lilirudishwa na matbaa kwa maelezo kwamba liko kwenye RGB na picha ni hafifu. Rafiki yangu anayejua kompyuta akanishauri nigeuze kila kitu kiwe CMYK na niandike 300 kwenye kila picha. Nimefanya hivyo. Prufu, yaani nakala ya majaribio, iliyorudi imenivunja moyo. Buluu ya nembo yetu imekuwa zambarau, herufi ndogo zina kivuli cha rangi pembeni, jalada lina mstari mweupe upande mmoja, na picha bado zina ukungu. Kwenye skrini yangu na kwenye printa ya nyumbani kila kitu ni safi. Kosa ni la nani, langu au la matbaa? Na je, nianze upya?”

Jibu:

Ndugu muulizaji, usianze upya. Upangaji wako wa kurasa, mitindo ya vichwa vya habari na mahali ulipoweka picha, vyote vinabaki. Na kwa maelezo uliyonipa, matbaa haijaharibu kitu. Imechapa kile ilicholetewa. Una matatizo manne ambayo kila moja lina chanzo chake, na rafiki yako ameyatibu yote kwa kidonge kimoja. Moja kati ya hayo, lile la herufi zenye kivuli, limeletwa na tiba yenyewe. Kuna na la tano ambalo hukuliuliza, nalo ni hizo kurasa 34. Tutalifikia.

Kwanza tuwaweke pembeni mashahidi wako wawili, yaani skrini na printa ya nyumbani. Skrini hutengeneza rangi kwa kutoa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, na hiyo ndiyo RGB. Ukiiwasha yote kwa nguvu unapata nyeupe, ukiizima yote unapata nyeusi. Karatasi haitoi mwanga wowote. Inarudisha ule wa taa au jua, na wino juu yake unanyonya sehemu ya mwanga huo kabla haujafika jichoni. Ndiyo maana kwenye chapa tunatumia sayani, majenta, njano na nyeusi, hizo CMYK ulizoambiwa. Zipo rangi ambazo skrini inaziweza na wino hauziwezi kabisa, hasa buluu kali, kijani kinachowaka na chungwa linalong’aa. Kuhamisha rangi hizo kutoka RGB kwenda CMYK maana yake ni kutafuta jirani wa karibu, na jirani si yeye.

Printa ya nyumbani nayo ina tabia yake. Hupokea RGB, ikaigeuza yenyewe ndani kwa ndani, na nyingi hunyunyiza rangi zote kutoka kichwa kimoja kinachopita juu ya karatasi. Mtambo wa ofseti, ule mkubwa wa matbaa, hauendi hivyo. Una pleti nne, yaani mabamba yanayobeba kile kitakachochapwa, moja kwa kila wino, na karatasi hupita chini ya kila wino kwa zamu yake, kwa kasi kubwa. Kwa hiyo printa yako ni nzuri kwa kusahihisha tahajia na kuona kama herufi zinasomeka. Usiiulize habari za rangi.

Sasa herufi, kwa sababu hapo ndipo penye hasara kubwa zaidi kwenye jarida la kusomwa.

Maandishi yanayotoka Word huja na nyeusi ya RGB, yaani sifuri, sifuri, sifuri. Faili lako lilipogeuzwa kuwa CMYK, kompyuta ilijiuliza ni mchanganyiko gani wa wino nne unaotoa giza la kina zaidi, ikachanganya zote. Kwa profaili (maelezo yanayoiambia kompyuta rangi fulani inahitaji kiasi gani cha kila wino) ambayo Photoshop, programu ya picha, imekuwa ikija nayo kwa miaka mingi, nyeusi hiyo hugeuka kuwa sayani 75, majenta 68, njano 67 na nyeusi 90. Jumla yake ni asilimia 300 ya wino, kwa ajili ya herufi ambayo ingetosheka na 100 ya nyeusi peke yake.

Angalia kinachotokea karatasini. Herufi ya pointi 9 ya maandishi ya kawaida ina mguu wenye unene wa takriban robo milimita. Mguu huo mmoja unachapwa mara nne, na kila pleti inatakiwa itue pale pale ilipotua iliyotangulia. Karatasi hutanuka kidogo ikipata unyevu, na mtambo nao una mtikisiko wake. Pleti moja ikihama sehemu ya kumi tu ya milimita, jambo ambalo hutokea hata kwenye mitambo mizuri, karibu nusu ya unene wa mguu ule imekosa mwenzake. Upande mmoja utaona majenta ikichungulia, upande mwingine sayani. Mafundi husema rejista imehama. Wewe umeona kivuli cha rangi. Maandishi ya nyeusi peke yake hayawezi kupata ugonjwa huu kwa sababu hayana mwenzake wa kupishana naye.

Dawa yake ni ya muda mfupi. Fungua orodha ya rangi katika InDesign utafute rangi iliyoingia pamoja na Word. Mara nyingi jina lake huanza na Word na kufuatiwa na R0_G0_B0. Ifute. Programu itakuuliza nafasi yake ichukuliwe na rangi gani, nawe uchague ile iitwayo [Black], ambayo ni nyeusi 100 na sifuri kwa wino nyingine zote. Ukiwa hapo hapo, hakikisha hukutumia rangi iitwayo [Registration] kwenye maandishi. Kwenye skrini inafanana na nyeusi, lakini imewekwa kwa ajili ya alama za kukatia tu, na huchapwa asilimia 100 kwenye pleti zote nne. Nimeshaona kitabu kizima kimeandikwa kwa rangi hiyo kwa sababu tu ilikuwa jirani na nyeusi kwenye orodha.

Kisha ukague. InDesign ina dirisha la Separations Preview linalokuwezesha kuzima pleti moja moja. Zima nyeusi. Maandishi yote ya kusomwa yanatakiwa yatoweke, ukurasa ubaki na picha zilizopauka na rangi za mapambo. Neno lolote litakalobaki limesimama pale kama mzuka wa kahawia, hilo bado lina wino nne. Pitia kurasa zote kwa njia hii, pamoja na namba za kurasa na maelezo chini ya picha, ambayo watu huyasahau kwa sababu yamekaa kwenye mtindo tofauti.

Usiende mbali ukadhani nyeusi ya wino nne ni haramu kila mahali. Eneo kubwa jeusi, tuseme jalada zima, likichapwa kwa nyeusi peke yake huonekana kama kijivu kilichokolea. Hapo mchanganyiko kama sayani 60, majenta 40, njano 40 na nyeusi 100 unaleta weusi wenye kina. Lakini uliza matbaa yako inapendelea mchanganyiko gani, maana kila karatasi ina kikomo cha wino inaoweza kubeba. Karatasi yenye mng’aro kwa kawaida huvumilia karibu asilimia 300 kwa jumla, ya gazeti ni kama 240. Ukizidisha, wino haukauki kwa wakati, na karatasi zikirundikwa moja hupaka mgongo wa mwenzake.

Jambo jingine dogo kuhusu nyeusi. Maandishi ya [Black] yakiwa juu ya rangi, InDesign kwa mipangilio yake ya mwanzo huyachapa juu ya rangi hiyo bila kuitoboa iliyo chini, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwani hata rejista ikihama hakuna ufa mweupe. Hatari ni pale tabia hiyo inapowashwa kwa bahati mbaya kwenye maandishi meupe. Nyeupe si wino, ni karatasi isiyochapwa. Ukiiambia ichapwe juu ya rangi bila kuitoboa, inatoweka. Skrini ya kawaida inaweza isikuonyeshe, kwa hiyo washa mwonekano wa Overprint Preview kabla ya kutoa PDF. Na maandishi madogo ya kijivu ni heri uyaepuke, kwa kuwa kijivu huchapwa kwa vinukta na kingo za herufi hupoteza ukali.

Tuje kwenye mstari mweupe wa jalada. Huo haukutokana na RGB wala CMYK. Umetokana na kisu.

Jarida lako halichapwi kwenye karatasi ya A5. Linachapwa kwenye karatasi kubwa, linakunjwa, linapigwa pini, kisha kingo zake zinakatwa. Hakuna kisu duniani kinachokata kila nakala pale pale. Karatasi huteleza kidogo, mkunjo huhama kidogo. Kama rangi ya jalada lako inaishia hasa kwenye mpaka wa ukurasa, kisu kikikata sehemu ya milimita nje ya mpaka huo, unaona karatasi nyeupe. Ndiyo maana rangi au picha yoyote inayogusa ukingo lazima ivuke mpaka, kwa kawaida milimita 3 kila upande. Ziada hiyo wapiga chapa huiita blidi. Itakatwa na kutupwa, na kazi yake ni hiyo tu.

A5 ni milimita 148 kwa 210. Ukiongeza blidi unapata 154 kwa 216. Tafadhali usifanye kosa la kubadilisha ukubwa wa ukurasa uwe 154 kwa 216, wala kuvuta ukurasa mzima ukue. Ukurasa unabaki 148 kwa 210. Unachofanya ni kwenda kwenye mipangilio ya hati, kuandika 3 kwenye sehemu ya blidi, kisha kuvuta kila fremu inayogusa ukingo hadi ifike mstari mwekundu wa nje. Unapotoa PDF, weka alama kwenye kisanduku cha kutumia blidi ya hati. Wengi huvuta fremu vizuri kabisa halafu wakasahau kisanduku hicho, PDF ikatoka imekatwa kwenye mpaka.

Picha ikiwa imeishia ukingoni na haina ziada yoyote, una njia mbili. Unaweza kuikuza asilimia chache, ukubali kupoteza kidogo pembeni. Au unaweza kuirudisha ndani ya ukurasa iwe na nafasi nyeupe kuizunguka, jambo ambalo mara nyingi hupendeza zaidi. Ninapendelea la pili kama kuna kichwa cha mtu karibu na ukingo.

Kisu hicho hicho kinakudai uelekeo wa ndani pia. Namba za kurasa, nembo na maandishi yakae angalau milimita 5 kutoka mpakani, na kwa jarida la pini ningekwambia 8 au 10. Sababu yake ni mkunjo. Karatasi zikikunjwa na kuingizwa moja ndani ya nyingine, zile za katikati husukumwa nje, na kisu kinapozisawazisha hukata zaidi kwenye za katikati kuliko za nje. Kwa karatasi tisa za unene wa kawaida tofauti hiyo inaweza kukaribia milimita moja. Kwa hiyo kama umezungushia kurasa zako fremu nyembamba iliyokaribia ukingo, iondoe. Mimi sizipendi fremu hizo. Hata mkato mzuri huzifanya zionekane zimepinda, kwa kuwa jicho linapima nafasi ya kushoto na ya kulia papo hapo na kugundua tofauti ambayo vinginevyo lisingeijua.

Na hapo ndipo kurasa 34 zinapoleta mgogoro. Karatasi moja ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne. Jarida la pini basi lina kurasa 32 au 36, 34 haipo. Matbaa ikipokea 34 itaongeza kurasa mbili tupu mwishoni, na zinaweza kuangukia ndani ya jalada au, vibaya zaidi, nyuma ya jarida. Amua mwenyewe. Ama punguza mbili, ama ongeza mbili zenye maana, kama kurasa za picha. Hesabu ianze na jalada la mbele kama ukurasa wa 1, isipokuwa jalada ni la karatasi nzito tofauti. Hapo matbaa huenda ikataka faili lake peke yake. Kisha toa PDF ya ukurasa mmoja mmoja kwa mfuatano wa kusoma, 1, 2, 3, 4. Usizipange jozi jozi za kukunjwa kama unavyofanya kwa printa ya ofisini. Kazi hiyo ina programu yake pale matbaa, na ukiwafanyia, watalazimika kuifumua kwanza.

Buluu sasa. Buluu kamili ya skrini, RGB 0, 0, 255, ikigeuzwa kwa profaili ile niliyoitaja hutoka sayani 88 na majenta 77. Tazama namba hizo zilivyokaribiana. Sayani na majenta zikikaribiana hivyo, macho yetu husoma zambarau, hasa mtambo ukimwaga majenta kidogo zaidi ya ilivyotakiwa. Kwa hiyo mtambo haukukosea. Namba zenyewe zilishasema zambarau kabla pleti hazijatengenezwa.

Usiiachie kompyuta ikuchagulie. Tengeneza rangi ya nembo upya kwa CMYK moja kwa moja, ukiacha pengo la asilimia 30 au zaidi kati ya sayani na majenta. Anza na sayani 100 na majenta 65, ukitaka ikolee ongeza nyeusi 10, na usiweke njano. Kwenye skrini itaonekana imepoa kuliko ile uliyoizoea. Ni kweli imepoa, na sitakudanganya kwamba wino nne zitakupa ule mng’ao. Kama katiba ya kikundi, au mtu aliyetengeneza nembo, ameiandikia rangi ile namba ya Pantone, yaani orodha ya rangi za wino zenye namba, mnaweza kuichapa kama rangi maalumu, yaani wino uliochanganywa tayari na kupewa pleti yake ya tano. Inafanana sana na sampuli. Inaongeza gharama pia, kwa jarida la kurasa nyingi nyongeza yenyewe si ndogo. Ningeitumia kwenye jalada tu, au nisiitumie kabisa, kama nembo si jambo la kufa na kupona.

Karatasi nayo ina kauli yake. Ile isiyo na mng’aro hunyonya wino, vinukta vinatanuka, rangi zinakuwa nzito na picha zinaingia giza. Yenye mng’aro huuweka wino juu, rangi zikabaki na uhai. Ndiyo maana hakuna CMYK moja ya kufaa pote. Kila aina ya karatasi na mtambo ina profaili yake. Kwa mfano FOGRA39 imetumika miaka mingi kwa karatasi yenye mng’aro, na FOGRA52 ni ya isiyo na mng’aro. Waulize matbaa wanatumia ipi, uiweke kwenye programu, kisha uwashe mwonekano wa prufu. Na punguza mwanga wa skrini yako. Watu wengi wanafanya kazi na skrini iliyowashwa hadi mwisho, kisha wanashangaa picha za chapa zikiwa na giza.

Hapa nitamsahihisha rafiki yako tena, kwa heshima. Si lazima kugeuza kila picha kuwa CMYK mwanzoni mwa kazi. Picha za kamera ni afadhali zibaki RGB, zikiwa na profaili yake, hadi siku ya kutoa PDF. Ukigeuza mapema kwa profaili isiyo ya matbaa yako, umeshatupa rangi ambazo karatasi yao ingeziweza, na kuirudisha RGB hakuzirejeshi. Ukigeuza mara ya pili kwenda profaili nyingine, unaharibu juu ya uharibifu. Kama bado una picha za asili za RGB, ziunganishe upya badala ya hizo zilizogeuzwa. Nembo na maandishi pekee ndivyo nataka viwe CMYK tangu mwanzo, kwa sababu hivyo unavitolea uamuzi namba kwa namba.

Kuhusu ile 300, hili ni kosa la kawaida mno. Picha haina 300 wala 72 ndani yake. Ina pikseli, vile vijiraba vya rangi vinavyoiunda, basi, na idadi yake ilishaamuliwa siku ilipopigwa au siku ilipotumwa. Ile 300 ni jinsi pikseli hizo zinavyosambazwa kwenye inchi moja ya karatasi. Tuseme una picha yenye upana wa pikseli 900 na unataka ijaze upana wa ukurasa pamoja na blidi, milimita 154. Hiyo ni takriban pikseli 148 kwa inchi, hata ukiandika 300 kwa wino wa dhahabu. Ili ijaze ukurasa mzima wa A5 na blidi yake kwa 300 ya kweli, inahitaji pikseli kama 1,819 kwa 2,551.

Kwa nini 300? Mtambo huvunja picha kuwa mistari ya vinukta, mara nyingi 150 kwa inchi kwenye karatasi nzuri, na kanuni ya siku nyingi ni kuipa kila safu ya vinukta pikseli mbili. Si amri iliyoshuka kutoka mbinguni. Picha ya mandhari yenye 220 itapita na hakuna atakayegundua. Chini ya 150, nyuso huanza kuwa na ukungu, na maandishi yaliyomo ndani ya picha huoza kabla ya nyuso.

Ulipoandika 300, moja kati ya mambo mawili lilitokea. Kama hukuruhusu programu kuongeza pikseli, picha ilipungua ukubwa, na ulipoivuta tena ijaze fremu ikarudi 148. Hilo halina madhara. Kama uliiruhusu, programu ilibuni pikseli za kati kwa kukisia kutoka kwa majirani, na sasa dirisha la Links litakuonyesha Effective PPI 300 wakati ukungu uko pale pale. Hili la pili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu umeharibu kipimo chenyewe. Rudi kwenye picha za asili ndipo usome Effective PPI upya. Hiyo ndiyo namba inayohesabu ukubwa uliotumia kweli ukurasani.

Za asili ziko wapi? Mara nyingi kwenye simu ya mpigaji. Picha zikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, hupungua pikseli na kupata madoa madoa kando ya nyuso. Mwombe mwenye picha azitume kama hati, au kwa barua pepe bila kupunguza. Nembo iombwe kwa aliyeichora ikiwa ni mchoro wa vekta, ambao hauna pikseli na haujali ukubwa. Zipo pia programu za kukuza picha kwa akili mnemba. Kwa majani na mawingu zinasaidia. Kwa picha ya kundi la watu nina wasiwasi nazo, kwani hubuni macho na meno, na wenyewe watajiona si wao. Kama ya asili imepotea, ichape ndogo. Picha hafifu ya upana wa sentimita sita ina heshima kuliko hiyo hiyo ikiwa imejaza ukurasa.

Ukishafika hapa, PDF. Waulize matbaa wanataka PDF/X-1a au PDF/X-4. Ya kwanza ni ya zamani na haina mzaha, kwani kila kitu lazima kiwe CMYK au rangi maalumu, na vivuli na uwazi vyote vishayeyushwa kwenye picha. Ya pili inabeba uwazi ukiwa hai na picha za RGB zenye profaili, ugeuzaji ukafanyika kwao. Matbaa yenye vifaa vya kisasa ikikubali X-4, chukua hiyo. Wakisema X-1a, wape hiyo bila kubishana, ila utazame kingo za vivuli baada ya kutoa. Mistari membamba meupe inayoonekana pale huwa mara nyingi ni ya skrini tu, na ukikuza ikabaki nyembamba vile vile, si ya kukukosesha usingizi.

Fonti zote ziwe zimefungwa ndani ya PDF, na aina hizi mbili za PDF huzifunga zenyewe. Atakayekwambia ugeuze maandishi yote kuwa michoro ili kukwepa tatizo la fonti, muulize sababu. Ukifanya hivyo herufi ndogo zinaweza kuonekana nene, na kosa la tahajia likionekana dakika za mwisho hakuna anayeweza kulirekebisha ndani ya faili hilo. Iache kama njia ya mwisho, kwa nembo au fonti moja inayokataa.

Kuna wakati maelezo ya maandishi kama haya hayatoshi, na inabidi uende mwenyewe. Kama rangi ya ngozi kwenye picha ni muhimu, kama nakala ni nyingi kiasi kwamba kurudia kutawaumiza, kama jalada lina vanishi ya sehemu, dhahabu ya kubandika au umbo la kukatwa kipekee, usiidhinishe kwa PDF ya kwenye simu. Omba prufu ya karatasi iliyotengenezwa kwa profaili ya kazi yako, uitazame mchana karibu na dirisha, si chini ya taa ya njano. Omba pia ukae nusu saa na fundi anayetayarisha mafaili. Wengi wao hufurahi mteja akija na maswali kabla ya kazi kuliko akija na lawama baada yake. Kama hutumii ofseti bali mtambo wa kidijitali, kwa sababu nakala ni chache, mwulize tena kila kitu nilichosema kuhusu rangi. Mitambo hiyo haina pleti, na baadhi ya wamiliki wake hupenda kupokea RGB.

Na kuhusu kosa la nani, kwenye prufu hii namba ziko upande wa matbaa. Kwenye prufu ijayo unaweza kupima. Fungua PDF uliyowapelekea, zima nyeusi uone kama maandishi yametoweka, soma namba za buluu ya nembo, pima blidi. Kama PDF inasema sayani 100 na majenta 65 na karatasi bado inaonyesha zambarau, au kama maandishi ni ya nyeusi tupu na bado yana kivuli, chukua prufu na namba zako uwaombe wakuonyeshe faili kama lilivyo kwenye kompyuta yao. Huenda kuna mtu aligeuza rangi mara ya pili alipolipokea, na hapo watakaorekebisha ni wao.